Milango Miwili Kutoka Kiloleli

Mdomo wangu haujawahi kuwa na kitasa, na sijawahi kuujutia kama siku ile ya tatu ya msiba wa mume wangu.

Hitma ilikuwa imekwisha. Wanaume walikuwa wanakula uani, nami nimekaa chumbani nyuma ya pazia, kwenye mkeka wa eda, nimevaa nguo nyeupe, sina pete wala hereni. Dirisha la chumba kile linatazama uani, kwa hiyo bila kumwona mtu nilisikia kila kitu. Nilimsikia shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu aliyetoka Mwanza, akigonga bati la gari kwa kiganja na kuwaambia wenzake, "Eda ikiisha nalipeleka mjini likakatwe chuma chakavu. Hili halina maisha tena."

Gari lenyewe lilikuwa juu ya mawe, hatua sita tu kutoka dirishani kwangu. Shangingi. Ndivyo tulivyoyaita magari yale makubwa ya kupandia milima na kuvukia mito, ila hili lilikuwa shangingi la zamani, lililowatumikia watu wengine mpaka likachoka kabla ya kufika Bariadi. Wakati wa masika marehemu aliteleza nalo kwenye ule udongo mweusi wa njia ya Kimali, likalalia ubavu wa kulia ndani ya korongo. Yeye alitoka mzima, anacheka, tope mpaka kwenye kope. Miezi minne baadaye malaria ikamchukua kwa siku tatu. Injini ya gari haikuguswa, ila milango miwili ya kulia, wa dereva na wa nyuma yake, ilibondeka kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe.

Mtu mwenye adabu zake angenyamaza. Mimi nikapaza sauti kupitia pazia, mbele ya mashehe na majirani.

"Halikatwi! Siku nitakayotoka eda gari hilo litatoka uani hapa nikiliendesha mimi mwenyewe, na vioo vyake vyote vinne vitapanda kwa umeme kama alivyokuwa anavipandisha yeye!"

Uani watu wakageukia dirisha langu. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyetoka Tabora kuja kukaa nami eda, akaniziba mdomo kwa kiganja kilichojaa mafuta ya pilau. Alichelewa. Shemeji hakuwa mtu mbaya, Mungu anisamehe nikisema hivyo, ila alikuwa mtu wa kupenda kushinda.

"Haya, shemeji," akasema kwa sauti ya kila mtu asikie. "Wote mmemsikia. Likitoka na vioo vinne vikapanda, gari ni lako, sitaligusa. Kioo kimoja kikigoma, naondoka nalo siku hiyohiyo."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye sahani zao. Nilijua nimejifunga mwenyewe kamba shingoni.

Ngoja niseme kwa nini niliropoka. Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa. Pamba ambayo zamani iliuzwa kwa chama cha ushirika peke yake sasa ilikuwa ya kila mwenye mizani, na wanunuzi walimiminika Bariadi kutoka kila upande, wote wanatafuta gari la kuwafikisha vijijini ambako lori halipiti. Sisi tulikuwa na kaduka ka spea, fyuzi, balbu, mikanda ya feni, na kwa duka hilo peke yake nisingeweza kukaa mjini mwanamke mmoja. Nikiwa na gari la kukodisha, ningekaa. Bila gari, mpango wa ndugu ulikuwa wazi: nirudi Tabora na shangazi, nikapewe chumba nyumbani kwa kaka yangu, nipike na wake zake mpaka nizeeke. Mimi niliyezaliwa Bariadi, ninayesalimia kwa Kisukuma zaidi kuliko Kinyamwezi cha baba yangu!

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni vioo vyenyewe.

Nyumba yetu haikuwa na umeme. Tulikuwa tunawasha koroboi, na masizi yake yalitujaa puani. Siku marehemu aliporudi na lile gari kutoka mnadani Dar es Salaam, alinikalisha kiti cha mbele, akanishika kidole cha shahada, akakiweka juu ya swichi ndogo iliyo mlangoni. Kioo kikapanda chenyewe. Taratibu, kinanguruma kwa ndani, mpaka juu. Nilipiga kelele, jamani, mpaka jirani akatoka. Kumbe umeme ambao mjini kwetu ulikuwa unasubiriwa ulikuwa unaishi ndani ya mlango wa gari! Basi tangu siku hiyo, tukiwa safarini, akiona vumbi la basi linakuja mbele, ananiambia, "Haya mke wangu, funga dunia." Nami nabonyeza, vumbi na kelele vinabaki nje. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipa kazi kubwa kama ile.

Mafundi wa mjini walikuja mmoja mmoja, wakazunguka gari, wakasema milango kama hiyo iko Japani. Shangazi, aliyekuwa ananikalia dukani, ndiye aliyeambiwa na dereva wa lori kwamba yupo fundi mmoja wa Mkula, wa zamani wa kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu wa kunyamaza sana lakini mikono yake ina macho. Tukatuma aitwe.

Alifika asubuhi. Sikumwona, na kwa miezi ile yote sikuwahi kuuona uso wake. Mwanamke wa eda haonani na wanaume wa nje, na kwa hilo shangazi alikuwa askari. Nilichokuwa nacho ni sauti yake tu, nzito, ya chini, na harufu ya mafuta ya mashine.

"Mwangaluka, mayu," akasema karibu na pazia. Mayu ni mama, na huko kwetu mwanamke yeyote wa heshima ni mayu.

"Mwangaluka, fundi. Habari za Mkula?"

"Mhola duhu." Salama tu.

Kisha akaliendea gari. Alilizunguka gari mpaka adhuhuri bila kugusa nati hata moja. Shangazi akaninong'oneza, "Huyu ni fundi au amekuja kununua mbuzi?" Mchana fundi akarudi dirishani.

"Mayu, gari hili lina kaka yake Kiloleli. Amekufa injini, kuku wanataga ndani, lakini milango yake mizima. Shida ni moja. Vioo vyake vya kuzungusha kwa mkono."

"Sasa hiyo itanisaidia nini? Nimeahidi vya umeme!"

"Tutachukua ngozi ya yule, tuitie matumbo ya huyu," akasema, na akaomba maji ya kunywa.

Wenye gari la Kiloleli walikubali kupewa matairi manne ya dukani kwetu, na milango ikaja Bariadi juu ya lori la pamba. Mlango wa nyuma ulikuja na kiota na yai moja. Shangazi akalichukua yai akalikaanga, akasema hiyo ndiyo faida ya kwanza ya gari hili tangu afike.

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia wakati wa kufunga milango, jicho moja tu, na naomba msamaha kwa hilo ila sijutii. Niliona mikono yake na si zaidi. Hakuwa na jeki ya kunyanyulia mlango. Aliazima kinu alichokuja nacho shangazi kutoka Tabora, akakisimamisha chini ya mlango, akauegesha juu yake, akawa anaongeza gunia lililokunjwa, anapunguza, anaongeza. Kila mara anaingiza kidole kwenye tundu za bawaba kuona zimelingana kiasi gani. Halafu akachukua bolti, akaiingiza kwa vidole. Ikaingia. Ya pili ikaingia. Zote zikaingia kwa vidole kama vile mlango ule ulizaliwa hapo. Nilikaa chini kwenye mkeka nikashika kichwa. Magari mawili yaliyotengenezwa miaka tofauti ng'ambo ya bahari, moja likafia Kiloleli kwenye kuku, jingine likalala korongoni, na tundu zao zinakutana kwenye kinu cha shangazi yangu! Nilimwambia shangazi, "Mungu ni mkubwa." Akasema, "Na kinu changu?"

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Kila mlango uliobondeka ulikuwa na mota yake ndogo na chuma kinachokunjuka kama mkasi, ndicho kinachobeba kioo. Mlango wa Kiloleli haukuwa na nafasi ya mota. Fundi alikata bati kwa msumeno wa chuma, taratibu, siku tatu kwa kila mlango, akatoboa kwa drili ya mkono. Vyuma vikakaa. Zikabaki nyaya.

Nyaya ndizo zilizonitoa machozi. Mlango wa dereva unabeba swichi za vioo vyote vinne, na ndani yake kuna fungu la nyaya nene kama mkia. Zilikatika pale gari lilipolala. Na kabla ya hapo mafundi wa Dar walishaziungaunga, huku nyekundu, ukifuata mbele unakuta imekuwa kijani, ukifuata tena ni nyeupe. Rangi ilikuwa haisemi kweli. Fundi alipima kila waya kwa balbu ya indiketa aliyoifungia ncha mbili, inawaka au haiwaki. Baada ya siku mbili nikamsikia anaongea peke yake. Nikadhani jua limempiga.

"Huyu mwekundu mwenye mkanda mweusi mgongoni, huyu alikuja kwa mahari ya dada. Huyu wa kijivu, wa mjomba, tulibadilishana na mtumbwi. Huyu mweupe mama yake alizalia njiani..."

"Fundi!" nikamwita. "Unaongea na nani?"

"Nawapanga, mayu. Hawa ni ng'ombe wa baba."

Akanieleza kwa utaratibu kama anavyofanya kila kitu. Hakuwahi kusoma. Lakini alikuwa mchungaji tangu anajua kutembea, na kundi la baba yake analijua moja moja, rangi, pembe, nani alimzaa nani, nani alikuja kwa njia gani. Kila waya aliupa ng'ombe wake. Walio upande wa mota na walio upande wa swichi aliwakutanisha kwenye lambo: fulani anakunywa na fulani. Rangi zisipolingana haidhuru, kwani ng'ombe wanaokunywa pamoja lazima wafanane? Waya wa kijani ulimpa taabu kwa sababu hakuna ng'ombe wa kijani.

"Huyo je?" nikamuuliza.

"Huyo ni mbuzi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Waya mmoja mnene, unaoleta moto kutoka kwenye betri, ulikuwa dume. "Dume asiguse bati, mayu. Akigusa bati anaunguza zizi zima."

Nikamwambia nitaandika yote kwenye daftari la duka. Akakataa katakata. Nyumbani kwao, akasema, anayehesabu ng'ombe hahesabu peke yake. Lazima awepo mtu wa pili anayesikia, ili mmoja akiumwa au akisafiri kundi lisipotee. Karatasi italiwa na mchwa. "Wewe nishikie," akasema. Basi mimi, mjane wa eda, binti wa muuza duka, nikawa nakaa chini ya dirisha langu kila siku baada ya adhuhuri nikirudia ng'ombe wa watu. Mwekundu wa mahari anakunywa na mbuzi. Wa kijivu wa mjomba anakunywa na mweupe aliyezaliwa njiani. Nikikosea, ananirudisha mwanzo bila hasira. Shangazi alikuwa anasema astaghfirullahi, badala ya kumsomea marehemu unasoma ng'ombe! Namsomea pia, nikamjibu, usinichoshe. Ila kweli nilikuwa nashangaa, nashangaa mpaka usingizini, kwamba kichwa cha mtu mmoja kinaweza kubeba kundi lote hilo na kulitia ndani ya mlango.

Siku ya kwanza kioo cha dereva kilipopanda nilisikia ile sauti ya kunguruma, ileile, nikauma upindo wa khanga nisilie. Fundi alipandisha, akashusha, akapandisha. Kisha akasema mlango unagonga. Bati la Kiloleli na vyuma vya Bariadi havikushikana vizuri, vikawa vinalia kama debe.

"Nitatia pamba," akasema.

Na hapa ndipo sisi sote tulipokosea, wala sitambebesha yeye peke yake. Bariadi pamba inatiwa kila mahali. Mto wa kulalia ni pamba, kidonda ni pamba, dumu linalovuja linazibwa na pamba, sikio linalouma ni pamba. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiri mara mbili. Shangazi alitoa fungu la pamba fifi, ile ya daraja la pili iliyochafuka, na mbegu zake ndani kama ilivyovunwa, na fundi akaijaza chini ya milango yote miwili. Milango ikanyamaza. Ukifunga unasikia pu, kama gari jipya. Tulifurahi.

Wiki tatu kabla ya eda kuisha, mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, na mvua ya kwanza ikapiga. Kesho yake fundi akaja dirishani.

"Mayu, nakwenda kulima."

"Kwenda kulima! Na siku yangu?"

"Gari limekwisha. Mvua haisubiri." Hakuna fundi Msukuma atakayebaki na spana mvua ya kupandia ikinyesha, hata umpigie magoti. "Na ng'ombe unao wewe," akaongeza. Nikasikia buti zake zikienda. Nikabaki kutazama pazia.

Siku yenyewe ikafika. Wanawake walinikogesha, wakanipaka hina, wakanivisha gauni jipya, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi nikatoka nje kwenye jua. Macho yaliniuma. Gari lilikuwa limeshushwa kwenye mawe, linang'aa. Shemeji alikuwa amefika na dereva wake wa kuliondoa, na majirani wote waliokuwepo siku ya hitma walikuwepo, maana Bariadi hakuna anayesahau ahadi ya aibu.

Nikapanda kiti cha dereva. Marehemu alinifundisha kuendesha uwanja wa mpira, na watu walisema sana. Shemeji akakaa pembeni yangu. Injini ikawaka kwa mara moja. Nikabonyeza swichi ya kwanza, kioo cha upande wake kikapanda. Watu wakaguna. Cha pili, cha nyuma kushoto, kikapanda. Cha tatu, cha nyuma kulia, mlango wa Kiloleli, kikapanda! Nikabonyeza cha kwangu. Kikapanda mpaka nusu, kikakohoa, kikatoa harufu ya kuungua, kikasimama.

Nilibonyeza tena. Hakuna kitu. Shemeji akamtazama dereva wake tu, na huyo dereva akaanza kusogea. Niliiona Tabora. Nilikiona kile chumba kwa kaka yangu, na jiko la wake zake.

"Shemeji," nikasema, "ninywee chai kwanza. Chai moja tu."

Akanitazama. Nadhani aliiona mikono yangu ya hina ilivyoushika usukani. "Chai moja," akasema, akashuka.

Shangazi, Mungu amrehemu, alimletea chai ya moto ambayo hata jiwe lingeipuliza. Nami nikachukua bisibisi, nikang'oa ubao wa ndani wa mlango mbele ya watu wote, nikaingiza mkono mpaka kwapani. Vidole vikakuta kitu chenye maji, kizito. Nikavuta. Ikaja pamba. Nyeusi kwa mafuta, imeloa mvua ya wiki tatu, imeumuka, imejiviringisha kwenye chuma cha mkasi. Nikavuta tena, na nikaona kitu cha kijani.

Ilikuwa imeota. Wallahi ilikuwa imeota. Mbegu za pamba fifi zilipata maji na joto ndani ya mlango, zikachipua, vijimche vyembamba vyenye majani mawili mawili vinatafuta mwanga kwenye tundu la swichi. Wanawake walisogea, mmoja akaanza kucheka, mwingine akasema subhanallah. Mimi nilisahau hata shida yangu. Nilishika miche ile kwenye kiganja chenye hina nikaitazama tu. Nje watu wanaomba mvua itoshe, na pamba inajiotea kwenye gari langu!

"Chai inapoa," shangazi akanikumbusha kwa sauti kubwa, huku akimwongezea shemeji nyingine ya moto.

Nilivyovuta pamba nilikuwa nimeng'oa na nyaya. Ncha tano zilining'inia, zote nyeusi. Nikazipangusa kwa upindo wa gauni jipya. Mwekundu mwenye mkanda mweusi. Wa kijivu. Wa kijani. Mweupe. Na yule mnene. Nikafumba macho, na sauti nzito ya chini ikaja kutoka upande wa pili wa pazia. Nilijikuta nasema kwa sauti. "Mwekundu wa mahari anakunywa na mbuzi." Nikawaunga. "Wa kijivu wa mjomba anakunywa na mweupe aliyezaliwa njiani." Nikawaunga. "Dume asiguse bati." Nikamshika dume kwa ncha za vidole, nikamrudisha mahali pake, nikamviringishia mpira. Fyuzi ilikuwa imeungua, nikaweka nyingine ya dukani kwetu. Watu walidhani nasoma dua, na sikuwasahihisha.

Nikabonyeza. Kioo kikanguruma. Kikapanda taratibu, mpaka juu kabisa, na kelele zote za uani zikabaki nje. Nilikaa humo peke yangu, kimya, nikalia kwa mara ya kwanza kilio cha kweli cha mume wangu. Dunia ilikuwa imefungwa.

Nilipokishusha, shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Hebu na mimi," akasema. Akabonyeza. Akashusha. Akabonyeza tena, mtu mzima na kofia yake, mara sita au saba. Kisha akaniambia, "Gari lako, shemeji," akamwita dereva wake wakaondoka. Hakuwahi kulitaja tena, nami siku hiyohiyo nikalitoa uani nikiliendesha mwenyewe.

Wiki ile ile nilikwenda Mkula, naendesha mwenyewe, shangazi pembeni ameshika mlango kwa mikono miwili njia nzima. Sikujua sura ya ninayemtafuta. Tulielekezwa kwenye shamba, nikaona mwanamume mfupi wa makamo, mvi kiasi, buti za mpira, analima kwa plau na maksai wawili. Akalitazama gari akalijua. Mimi alinipita kwa macho kama mgeni yeyote.

Nikashusha kioo. "Mwangaluka, fundi."

Alisimama palepale. Akaachia plau. "Mayu wa dirishani," akasema, akaja taratibu, akanitazama usoni kwa aibu kidogo, nami nikamtazama. Ndivyo tulivyoonana.

Nikamsimulia yote, nikampa ile miche niliyoitia kwenye kopo la udongo. Alicheka mpaka akachuchumaa. "Pamba! Pamba, upumbavu wangu!" Kisha akafuta macho, akauliza kama anavyouliza mtu aliyetoka safari, "Na ng'ombe? Wote wazima?"

"Wazima," nikasema. "Lakini mimi nimekuja kuwaona wenyewe. Nionyeshe zizi. Nionyeshe yule mwekundu wa mahari, ameniokoa."

Akageuka akatazama shamba. Hapakuwa na zizi. Nikaona sasa kwamba palikuwa na nyumba moja na banda la kuku.

"Hawapo, mayu. Hata hawa maksai ni wa jirani. Wezi walikuja siku moja nikiwa kijana, wakaondoka nao wote, hatukuona hata kwato. Baba alikaa miaka miwili akiwataja, mimi namsikiliza, mpaka akafa." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Sikuwa na mtu wa pili wa kumtajia. Nikakutajia wewe."

Mimi, mwenye mdomo usio na kitasa, sikuwa na neno hata moja. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.

Fundi akasogea, akainama, akaweka sikio lake kwenye bati la mlango, akafumba macho.

"Pandisha," akasema.

Nikabonyeza. Mota ikanguruma ndani ya mlango wa Kiloleli, kioo kikapanda kati yetu.

"Huyo ni mwekundu," nikamsikia akisema nje. Nikashusha, nikapandisha tena, na hakuinua kichwa.